Nyumba Iliyokuwa Nyumbani

Tuseme yuko mama mjane, mwenye umri wa miaka 70, aliyekaa Chang'ombe katika mji wa Dodoma tangu ujana wake. Marehemu mumewe alimwachia nyumba ya vyumba vinne, kuta za matofali ya kuchoma, paa la mabati, na mwarobaini mmoja uani. Mama huyu hana mshahara, wala pensheni, wala duka. Nyumba ni yake, naye alikaa humo. Kwa sababu hizo sheria ilimsamehe kodi ya majengo. Alikwenda ofisi ya mapato na kitambulisho chake, akaandikwa, na tangu siku hiyo kila aliponunua umeme hakukatwa kitu.

Ikapita miaka. Magoti yakamshinda, macho yakapungua nuru, na mwanawe akaona haifai mama yake kulala peke yake. Akamhamishia kwake Nzuguni. Nyumba ya Chang'ombe ikapangishwa kwa karani mmoja wa Serikali, na mkewe, na watoto wao wawili, kwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Fedha hizo humnunulia mama dawa, na zinazobaki humsaidia mwanawe kulipia madaftari na sare za wajukuu. Hakuna aliyerudi ofisini kusema kwamba mambo yamebadilika. Mita ya umeme haijui ni nani alalaye ndani ya nyumba. Yaendelea kusamehe kana kwamba yule mama bado yumo, amekaa barazani akichambua mlenda.

Je, jamaa hii imekosa?

Twajua kwamba baadhi ya wasomaji wetu watacheka. Kodi yenyewe ni shilingi 1,500 kwa mwezi, bei ya mafungu machache ya mchicha, nasi twataka kuifanyia mahakama! Watatuambia kwamba wako watu wanaokwepa mamilioni, na kwamba gazeti lingefanya vyema kuwafuata hao. Wasemayo ni kweli, lakini si jibu. Mtu hajifunzi uaminifu kwa mamilioni, kwa kuwa wengi wetu hatutayashika kamwe. Tunajifunza, au tunakosa kujifunza, kwa fedha ndogo zinazopita mikononi mwetu kila mwezi bila ya mtu kutuona. Tena, kama tutakavyoonyesha, jambo hili dogo lina fundo ndani yake ambalo si rahisi kulifungua kama lionekanavyo.

Tuanze na maneno. Kiswahili chetu kina neno moja, kodi, kwa mambo mawili: kile alipacho mpangaji kwa mwenye nyumba, na kile alipacho raia kwa Serikali. Mgeni ajifunzaye lugha yetu hutatizika, hata akalazimika kuuliza kila mara ni kodi ipi inayosemwa. Lakini lugha hiyohiyo, iliyokuwa bahili katika neno kodi, imekuwa karimu katika neno nyumba. Kitu kilichojengwa kwa udongo au saruji ni nyumba. Ongeza silabi moja tu mwishoni, useme nyumbani, na hapo huzungumzi tena habari za kuta na paa. Mtu aweza kuwa na nyumba tano, na katika hizo tano mahali aitapo nyumbani pakawa pamoja tu. Na mpangaji asiyemiliki hata tofali moja, atokapo kazini jioni akasema aenda nyumbani, hasemi uongo.

Sasa, sheria zetu za kodi, kwa lugha yao kavu, nazo huuliza jambo hilohilo. Sheria ya kodi ya majengo, ambayo msingi wake uliwekwa mwaka 1983 na ambayo imerekebishwa mara nyingi tangu hapo, haikumsamehe mzee kwa kuwa ana nyumba. Ilimsamehe aliyetimiza miaka 60, na kadhalika mtu mwenye ulemavu, asiye na njia ya kujipatia kipato, kwa nyumba moja tu, nayo iwe yake na yeye mwenyewe awe akiikaa. Yaani msamaha haukuandikwa juu ya ukuta. Umeandikwa juu ya mtu akaaye ndani. Sababu yake ni rahisi kufahamu. Nyumba ambayo mzee analala haimpatii hata senti moja. Huwezi kuvunja dirisha ukalipeleka sokoni kila mwezi. Kumdai mtu wa namna hiyo kodi kwa ajili ya paa limkingalo mvua ni kumwambia auze kuku wake, au aombe kwa watoto, ili aruhusiwe kulala pake.

Msamaha mwingine katika sheria hizo wahusu sana watu wa nyanda za kati: nyumba za udongo na za kuezekwa kwa nyasi, na nyingine za jinsi hiyo zinazotumika kwa makazi, hazitozwi. Wagogo wajua maana yake. Tembe la Mgogo, lenye paa bapa la miti na udongo, ni nyumba inayoishi kwa sababu watu wamo. Moshi wa jiko huikausha miti ya dari, na mikono ya wenyeji huzipiga lipu nyufa kabla ya mvua. Wakihama, kwa ukame au kwa kufuata malisho, misimu michache ya mvua yatosha kuirudisha ardhini. Tembe lililoachwa halikuwa mali ya kuchumia, lilikuwa kichuguu. Kwa hiyo mzee wa zamani wa Ugogo hakuweza kukutwa na swali letu hata kidogo: alipotoka nyumbani, nyumba nayo ilikoma.

Ni matofali na mabati yaliyotuletea swali. Nyumba ya matofali yaweza kusimama bila mwenyewe, na yaweza kumlisha akiwa mbali.

Serikali zilizotangulia hazikujali sana tofauti hii. Wajerumani walipoanza kutoza kodi ya nyumba katika nchi hii mwaka 1898, walihesabu vibanda, si vipato. Katika nchi nyingi za Afrika zilizotozwa kodi ya namna hiyo, watu walisongamana katika nyumba chache ili wapunguze hesabu, na hasara ya msongamano huo waliibeba watoto. Twalikumbuka jambo hili si kwa ajili ya kuwalaumu tena Wajerumani, ambao wamekwisha lala, bali kwa kuwa laonyesha nini hutokea kodi inapoangalia kuta tu.

Baada ya Uhuru taifa letu lilikwenda upande wa pili, tena kwa nguvu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha. Kiongozi aliruhusiwa kuwa na nyumba ya kukaa. Alipopangisha, alihesabiwa kuwa ameingia katika unyonyaji. Miaka minne baadaye, Aprili 1971, ikaja sheria ya kutwaa majengo. Jengo lenye thamani ya shilingi 100,000 au zaidi, ambalo mwenyewe na jamaa yake hawakulikaa lote, likawa mali ya Serikali chini ya Msajili wa Majumba. Lile ambalo mwenyewe alilikaa lote likaachwa. Na jengo lililozidi umri wa miaka 10 halikulipwa fidia, kwa hoja kwamba pango la miaka hiyo lilikwisha kumrudishia mwenyewe gharama zake.

Wasomaji vijana huenda hawakupata kusikia habari hizi, nasi twadhani yafaa wazijue, maana hapo ndipo taifa lilipochora mstari kati ya nyumba na nyumbani kwa wino mzito kuliko wakati wowote. Kulikuwa na ukweli katika mstari huo. Nyumba ninayokaa na nyumba inayonilipa si kitu kimoja mbele ya haki, hata kama zimejengwa na fundi mmoja kwa ramani moja. Lakini tazama ulivyokata. Mtu aliyekaa ghorofani na kupangisha duka la chini alipoteza jengo zima, na chumba alimolala humohumo. Jirani yake, mwenye jumba kubwa zaidi, asiyempangisha mtu kwa sababu hakuwa na haja ya fedha, hakuguswa. Mstari uliokusudiwa kumkinga mnyonge ukampita tajiri na kumwangukia yule aliyekuwa nusu akaaye, nusu apangishaye. Mwaka 1991, huko Zanzibar, chama tawala kikalegeza masharti ya viongozi, na tangu hapo kupangisha nyumba hakuna aibu tena kwa mtu yeyote. Twaona vyema kwamba aibu imeondoka. Hatuoni vyema kwamba pamoja na aibu limeondoka pia swali.

Nako Dodoma swali limerudi kwa wingi. Mji ulioamuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973 ulingoja zaidi ya miaka 40 kabla ya Serikali kuhamia kweli. Tangazo la mwaka 2016 ndilo lililoleta watu. Waziri Mkuu akahamia mwaka huohuo, wizara zikafuata, Rais mwaka 2019. Aprili 2018 mji ukatangazwa kuwa jiji. Tayari Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kilikuwa kimeleta wanafunzi watafutao vyumba. Nyumba iliyokuwa haina maana zaidi ya kulala ikawa ghafula na bei. Wazee wa Chang'ombe, Makole, Kikuyu na Nkuhungu, ambao hawakupata kuota kuwa wenye nyumba za kupangisha, wakaamka wakijikuta ni wenye nyumba za kupangisha. Basi usimwone mama yetu wa Nzuguni kuwa mtu wa ajabu. Wako wengi wa hali yake, na hawakuomba.

Upo pia upande wa pili, wa mtumishi aliyehamishwa kutoka Dar es Salaam. Alikuwa na nyumba yake Kimara aliyoijenga kwa mkopo kwa miaka kumi, tofali kwa tofali. Akaletwa Dodoma, akapanga nyumba Ipagala, na ile ya Kimara akapangisha. Mtu huyu ni mwenye nyumba na ni mpangaji kwa wakati mmoja. Ukimwuliza nyumbani ni wapi, atakuambia Kimara. Ukimkuta jioni barabarani, yuaenda nyumbani Ipagala. Hana msamaha wa kodi wa kupoteza, kwa kuwa hajatimiza miaka 60 na ana mshahara. Lakini ametufaa kwa sababu nyingine, nayo ndiyo lile fundo tulilolitaja mwanzoni.

Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo imekuwa ikikatwa katika ununuzi wa umeme wa LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila ghorofa mjini. Julai 2023 ikapanda kuwa 1,500 na 7,500, yaani 18,000 na 90,000 kwa mwaka. Kabla ya hapo wenye nyumba walipanga foleni ofisini, na wengi hawakupanga. Njia mpya ni nyepesi, na fedha huingia. (Kwamba kijumba cha vyumba viwili na jumba la kifahari lisilo na ghorofa hulipa sawasawa ni jambo jingine, nalo twaliacha kwa siku nyingine.) Lakini umeme hununuliwa na nani? Hununuliwa na yule anayewasha taa. Kwa sheria mdaiwa wa kodi ni mwenye jengo. Kwa mita, mlipaji ni mpangaji. Mtumishi wetu anunuapo umeme Ipagala hulipa kodi ya nyumba isiyo yake, na kule Kimara mtu mwingine humlipia kodi ya nyumba yake yeye. Kwake hesabu zimekwenda sawa, naye hana la kulalamika. Lakini yule mpangaji wa Kimara hana nyumba popote. Yeye hulipa kodi ya jengo la mtu, na hakuna amlipiaye. Ndiye mwisho wa mnyororo, na katika minyororo ya namna hii mtu wa mwisho daima huwa yule asiye na kitu.

Sasa rudi Chang'ombe. Tuseme yule mwana wa mjane anaguswa na dhamiri. Anakwenda ofisi ya mapato, anaeleza kwamba mama amehama na nyumba imepangishwa, na msamaha unaondolewa. Amefanya jambo la kweli. Mwezi ufuatao karani ananunua umeme na kukuta amekatwa shilingi 1,500. Pango ni lilelile 150,000. Ni nani, basi, aliyelipa ukweli wa mwana huyu? Amelipa karani. Mwana ametakasa dhamiri yake kwa fedha za mtu mwingine, na huenda jioni ile akalala usingizi mtamu.

Hapa ndipo tunapotaka wasomaji wetu watulie kidogo. Kwa kawaida tunadhani mambo ni mawili tu: kusema kweli au kuficha. Lakini katika jambo hili, kuficha kunaliibia jiji, nako kusema kweli, kukikomea hapo, kunamwibia mpangaji. Kweli iliyo timamu ina sehemu mbili, ya kwanza husemwa ofisini na ya pili husemwa barazani, kwa mpangaji: kodi hii ni yetu, siyo yako, utakapokatwa, punguza katika pango. Asemaye ya kwanza bila ya pili amehamisha mzigo tu, hajaubeba.

Wako watakaouliza kwa nini hata hiyo ya kwanza isemwe, maadamu hakuna aliyeuliza. Hoja hii ina historia yenye heshima kuliko watu wadhanivyo. Katika karne zilizopita wataalamu wa maadili wa Kanisa walibishana kama sheria za kodi zafunga dhamiri ya mtu, au kama ni sheria za adhabu tu, yaani kwamba mtu aweza kuzipuuza bila dhambi ikiwa yu tayari kulipa faini atakaposhikwa. Wenye rai hiyo ya pili hawakuwa wajinga; waliishi chini ya wafalme waliotoza kodi kwa ajili ya vita na majumba yao, na raia hakuwa na neno. Lakini rai hiyo haitufai sisi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, uliwataja waziwazi watu wanaokwepa kodi za haki kwa hila, ukalihesabu jambo hilo katika dalili za mtu anayeishi kwa ajili yake peke yake. Neno lililomo humo ni kodi za haki. Kodi isiyo ya haki ni mjadala mwingine. Je, shilingi 1,500 juu ya nyumba inayoleta 150,000 ni dhuluma? Ni sehemu moja katika mia. Hatuwezi kusema kwa uso mkavu kwamba ni dhuluma.

Tena msamaha si zawadi ambayo mtu akiisha kupewa ni yake. Msamaha ni sababu iliyoandikwa. Sababu ikiondoka, kilichobaki ni karatasi. Mama alisamehewa kwa kuwa nyumba ilikuwa kitanda chake, wala haikumpa kitu. Leo kitanda chake kiko Nzuguni, na nyumba yampa kitu. Anayeendelea kusamehewa huko Chang'ombe si yeye. Ni picha yake ya zamani.

Hata hivyo hatutaki kuishia hapo, kwani twaogopa kurudia kosa la mwaka 1971. Tugeuze mfano. Tuseme mama hakuhama. Amebaki katika nyumba yake, analala chumba cha mbele, na chumba cha uani amempangisha mwanafunzi kwa shilingi 30,000 kwa mwezi. Mwanafunzi humchotea maji, na usiku mama ajua kwamba yuko mtu. Kwa herufi ya sheria, mama huyu sasa ana njia ya kupata kipato, na msamaha wake una mashaka. Kwa haki, twasema nyumba hii bado ni nyumbani. Shilingi 30,000 hazikumgeuza kuwa mfanya biashara. Zimemgeuza kuwa mtu awezaye kununua mafuta ya kupikia bila kuomba. Kodi ya shilingi 18,000 kwa mwaka, ambayo kwa nyumba nzima iliyopangishwa ilikuwa sehemu moja katika mia, kwa mama huyu ni sehemu tano katika mia. Ni ajabu kwamba aliyebaki nyumbani apimwe kwa fimbo ileile ya aliyehama, tena fimbo iwe nzito zaidi kwake.

Wala haiwezi kusemwa kwamba sheria haina macho ya kuona mambo kama haya. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, ilipoweka kodi juu ya faida ya kuuza mali, iliyaachia makazi ya mtu binafsi nafasi ya pekee: faida isiyozidi shilingi 15,000,000 ilisamehewa ikiwa mwenyewe alikuwa ameimiliki nyumba miaka 3 au zaidi, na kuikaa jumla ya miaka 3, kwa mfululizo au kwa vipindi. Wasomaji wayatazame hayo maneno ya mwisho. Mtunga sheria alijua kwamba mtu hutoka nyumbani na kurudi, kwamba huenda kazini Mwanza, au hospitalini, au kumuuguza mzazi kijijini, na kwamba nyumbani hapakomi kuwa nyumbani kwa sababu ya safari. Kama sheria ya mapato iliweza kuhesabu nyumbani kwa miaka na vipindi, hatuoni kwa nini sheria ya majengo isiweze kumpa mzee aliyehamishwa na ugonjwa muda wa kutosha, labda mwaka mmoja, kabla ya kumwondolea msamaha. Wala kwa nini isimwachie apangishaye chumba kimoja huku yeye mwenyewe akilala cha pili. Wabunge wetu hukutana hapohapo Dodoma, mwendo mfupi tu kutoka Chang'ombe. Hawana udhuru wa umbali.

Na kwa kuwa tumewanyoshea kidole wengine, haifai tujifiche. Sheria hiyo ya majengo husamehe mahali pa kuabudia, pamoja na maktaba za umma, na makumbusho, na makaburi. Lakini katika mahali pa kuabudia imetenga nyumba za kukaa, na majengo ya shule na ya shughuli za jamii yaliyo karibu na kanisa. Zipo parokia, za mijini hasa, zilizopangisha vyumba vya maduka upande wa barabara, au nyumba ya zamani ya masista kwa kampuni au kwa jamaa fulani. Hatuna neno juu ya hilo. Paa la kanisa nalo huvuja, na fedha za kulitengeneza hazianguki kama mana. Lakini mhasibu wa parokia asijifariji kwamba kivuli cha mnara kinafika hadi dukani. Aulize. Na ikiwa mpangaji wa nyumba ya masista ndiye anunuaye umeme, amwulize naye kama anajua kodi ya nani inayokatwa katika fedha zake.

Wapangaji nao twawaomba jambo moja dogo. Wengi hutupa risiti ya LUKU mara tu wakiisha kuingiza namba, au huufuta ujumbe katika simu. Wasifanye hivyo. Risiti huonyesha kiasi kilichokatwa kwa ajili ya jengo. Mpangaji aziweke kwa miezi mitatu, sita, kumi na miwili, na siku ya kulipa pango azitoe kwa heshima, pasipo ugomvi. Wenye nyumba wengi si wabaya. Hawajui tu, kwa sababu umeme hununuliwa pasipo wao kuwapo, na fedha zisizopita mikononi mwa mtu hazimsumbui. Na wako watakaokataa. Mpangaji atakayekataliwa ana haki upande wake lakini ana mtoto anayesoma shule ya jirani na hana mahali pa kuhamia, nasi hatutamwambia apigane kwa shilingi 1,500. Twamwambia mwenye nyumba kwamba anajua jambo hili, naye huitumia hofu hiyo.

Basi twarudi mara ya mwisho kwa mwana wa mjane. Twamfikiri amekwisha kwenda ofisini. Jumamosi anapanda daladala hadi Chang'ombe, pamoja na mama yake, ambaye ameng'ang'ania kuja ingawa magoti yanauma, kwa kuwa ataka kuuona mwarobaini wake. Karani anawatolea viti barazani, na mkewe analeta chai. Wanaongea habari za mvua, ambayo mwaka huu imechelewa, na za shimo la taka lililojaa. Kisha mwana anafungua daftari la pango, anakata kwa kalamu kile kiasi cha zamani, na mbele ya mama yake na mbele ya mpangaji anaandika juu yake: 148,500.